Uzito wa Maji

Nyumba ya dada yangu iko Raskazoni, mjini Tanga, chini ya mteremko na si mbali na bahari, na nyuma yake, kati ya mwembe na ukuta wa mawe, pana birika la kuogelea ambalo marehemu mumewe alilijenga zamani, wakati watoto wao watano walipokuwa wangali wadogo na yeye mwenyewe angali na nguvu za kazi na mshahara wa kuitimizia nafsi yake fahari hiyo moja. Urefu wake ni mita 8, upana wake mita 4, na kina chake huanzia mita 1 upande wa ngazi hata kufikia mita 2 upande wa mwembe. Katika umri wake wote birika hilo lilipakwa rangi mara nne, na kila mara rangi mpya ilipigwa juu ya kuukuu, kama mtu avaaye kanzu safi juu ya kanzu yenye jasho, mpaka mwaka juzi rangi ile ikachoka kustahimili, ikaanza kubabuka, vigamba vyake vikaelea juu ya maji kama magamba ya samaki kwenye meza ya mchuuzi, na vumbi lake likawa likiwashika waogeleaji nyayoni na viganjani.

Nasema birika, kwa kuwa ndilo neno nililolikuta. Vijana wa leo husema bwawa, nao hawakukosea. Lakini mimi nililelewa karibu na msikiti, na birika kwangu ni pale mtu anapochota maji kwa kata akatawadha kabla ya kusimama mbele ya Mola wake. Waarabu wana birka, nalo ni hodhi la maji, na wana ibriki, nacho ni chombo cha kumiminia. Sisi tumeyakutanisha yote mawili katika neno moja, hata mgeni wa lugha hushangaa kuambiwa kuwa birika laweza kuchemsha chai na laweza kumzamisha mtu. Sioni kama lugha yetu imekosea. Vyombo vyote viwili havina thamani ya nafsi zao, ila thamani ya kilichomo ndani yao.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, masika yameshika, dada aliponiita barazani akaniambia, "Mdogo wangu, wewe umestaafu na mimi nimechoka. Wajukuu watakuja likizo mwezi wa Juni. Nisimamie birika hili lipakwe rangi kabla hawajafika." Nikakubali kwa furaha iliyopita kiasi cha jambo lenyewe, maana nilikuwa na miezi minane tangu kuuacha ualimu wa hesabu nilioushika kwa miaka 36, na hapakuwa na mtu aliyenituma neno lolote katika muda huo wote, hata kununua chumvi.

Fundi tuliyemwita alikuwa mzee wa makamo, mpole wa maneno, mwenye kofia ya kitambaa iliyotiwa madoa ya kila rangi ya nyumba za mji huu. Alipokwisha kuitikia shikamoo yetu, hakulitazama birika kwanza. Aliuliza kisima kiko wapi. Nikampeleka kwenye kisima cha jirani, kilicho hatua chache nyuma ya ukuta wetu, naye akafunga jiwe kwenye kamba, akaliteremsha polepole, na liliposikika kugusa maji akaibana kamba kwa vidole usawa wa ardhi, akalivuta jiwe, akaupima ule urefu kwa mkono wake toka kiwiko hata ncha ya kidole. Ilikuwa dhiraa moja.

"Mwalimu," akasema, "birika hili halimwagwi leo."

Nikamwuliza sababu, kwa sauti ambayo naikumbuka kwa haya. Akanijibu bila ya kukasirika kwamba ardhi imeshiba maji, na kwamba maji ya ardhini hayalali, husukuma. Tukiyatoa yaliyomo birikani, kesho au keshokutwa tutalikuta limeinuka kama jahazi lililojaliwa na bamvua. Akanisimulia birika la nyumba moja, ambayo hakuitaja wala mimi sikumwuliza, lililomwagwa katikati ya masika na watu wenye haraka. Upande wake mmoja uliinuka shubiri mbili, mabomba yakakatika, sakafu ikapasuka toka ukuta hata ukuta, na mwenyewe akaishia kulifukia kwa mchanga na kupanda migomba juu yake. Kisha akaniachia salamu za Bi Mkubwa, akaenda zake, na miadi aliyotoa ilikuwa ya mwezi wa Januari.

Nilighadhibika. Niliona kuwa huyu ni mtu mvivu aliyejipatia udhuru wenye elimu. Lakini usiku ule nilichukua karatasi, nikafanya hesabu kama nilivyowafundisha watoto wa watu kuzifanya, na hesabu, ambayo haimwogopi mwalimu wake, ikanihukumu. Kina cha wastani ni mita 1 na nusu. Maji yaliyomo basi ni mita za ujazo 48, yaani tani 48. Zege lote la birika, kuta na sakafu, kwa unene wa sentimita 15, nililikadiria kuwa tani 24 au 25. Maji ya ardhini yaliyosimama nusu mita chini ya nyasi yalikuwa juu ya sakafu ya birika kwa wastani wa mita moja, na kila mita ya maji huisukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya tani moja. Sakafu ni mita za mraba 32, basi chini yetu palikuwa na mkono wa tani 32 ukisukuma juu mchana na usiku, na kilichoushinda mkono ule miaka yote hiyo hakikuwa ustadi wa mjenzi wala ugumu wa saruji peke yake. Yalikuwa ni yale maji ambayo mimi nilitaka kuyatoa.

Kila mtoto wa pwani ajua habari hii kwa jina jingine. Chombo kikishusha shehena yake na kutaka kurudi kitupu, nahodha hakubali kutweka tanga mpaka kimepakiwa farumi, mawe au mchanga usio na bei, ambao hakuna mteja anayeungoja bandari yoyote; umewekwa pale kwa sababu ya uzito wake tu, ili chombo kisimame sawasawa na kisipinduliwe na upepo wa kwanza. Wahenga walituambia juu ya debe tupu kwamba huvuma. Mabaharia walijua la zaidi, kwamba kitu kitupu huelea, na kinachoelea huenda kisikokusudia. Nilikuwa nimeishi miaka zaidi ya 60 kando ya bandari, na sikuwahi kufikiri kuwa birika nalo lina farumi, na kwamba farumi yake ndiyo mzigo wake.

Wajukuu wakaja mwezi wa Juni, wakaogelea katika birika bovu, wakatoka na miguu yenye vumbi la samawati kama waliokanyaga udongo wa mbinguni, wakacheka, wakarudi kwao. Hapana aliyedhurika ila kiburi changu.

Mwezi wa Januari fundi akarudi kama alivyoahidi, bila ya kuitwa mara ya pili. Kaskazi ilikuwa ikivuma, vuli imekwisha, na jiwe lake kisimani likashuka dhiraa tano kabla ya kulia. Siku kadhaa kabla yake tuliacha kutia dawa ya klorini ili maji yapoe, kisha pampu ikayavuta mchana na usiku, yakatiririka kwenye mitaro ya minazi. Yalipobaki ya kufika kwenye vifundo vya miguu, mzee yule akakunja suruali yake, akashuka hata upande wa kina, akafungua kizibo kimoja kidogo kisichozidi ngumi ya mtoto, kilichokuwa katikati ya sakafu, nami miaka yote nikikidhani ni pambo. Akaniambia ni mlango wa maji ya ardhini, ili yakija kwa nguvu yaingie badala ya kusukuma. "Mgeni akibisha, mfungulie," akasema. "Usipomfungulia, atauvunja mlango."

Birika tupu lina sauti yake. Neno moja likisemwa ndani yake hurudi mara mbili, na mtu aliyesimama pale chini huona anga imekuwa ya pembe nne. Dada alisimama ukingoni asiseme kitu. Fundi alibandua gamba la rangi kwa ncha ya patasi, akampandishia mkononi. Lilikuwa nene kama ganda la yai la mbuni, na kwenye ukingo wake ilionekana mistari minne, samawati, kijani, samawati, na samawati iliyofifia. Dada akaweka ukucha wake juu ya ule mstari wa kijani, akasema, "Huu ni mwaka aliokwenda Dar es Salaam mwanangu wa tatu," kisha akaligeuza gamba lile, akatazama upande wa chini, uliokuwa mweupe wa saruji.

Katika kazi ya rangi, rangi ni sehemu ndogo. Kwanza fundi alichovya kitambaa katika thina, akakisugua ukutani, na kitambaa kikatoka samawati. Kwa hilo akajua kuwa rangi ya zamani ni ya asili ya mpira, na kwamba epoksi tuliyoinunua haitakaa juu yake, maana itailainisha na kuiinua, nazo zitabanduka pamoja. Yote ikapasa kutolewa. Vijana wake wawili walikwangua kwa siku tisa, kwa patasi, brashi za waya na msasa, wamejifunga vitambaa puani, na mchanga wa samawati ukakusanyika sakafuni hata tukaujaza magunia sita. Nilipoziona nyufa tatu zilizofichuka upande wa mwembe, nikajisemea kwa sauti ile methali ya kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Mzee akatabasamu. Akachukua patasi na nyundo, akaanza kuupanua ufa wa kwanza, akauchonga hata ukawa mpana wa kupitisha kidole, mkali chini na wazi juu, ndipo akaupulizia vumbi, akaulowesha, akaujaza saruji. "Ufa mwembamba haushiki kitu, Mwalimu," akaniambia. "Anayeziba bila ya kupanua amefunika."

Ikafuata tindikali, ya kufungua vinyweleo vya saruji ili rangi ipate pa kushika. Vijana walivaa mabuti na glavu za mpira, na fundi mwenyewe alisimama juu ya ndoo kuhakikisha kuwa tindikali ndiyo inayomiminwa katika maji, wala si maji katika tindikali, maana ukikosea mfuatano huo itakurukia usoni. Ukuta ulitoka povu, ukanung'unika kama mafuta yanayoanza kushika moto. Na ilipokwisha kazi yake ikanyamazishwa kwa magadi, yaleyale ambayo mama zetu hutia katika maharage ili yaive upesi, yameyeyushwa ndooni na kumwagwa kuta zote. Kisha maji matupu, mara mbili, mara tatu.

Baada ya hapo, kungoja. Ukuta ulikuwa mkavu machoni na mkavu mkononi, nami nikashauri tuanze. Fundi akakata kipande cha nailoni angavu, akakibandika ukutani kwa utepe pande zote nne, akaenda kulala. Asubuhi, chini ya nailoni ile, palikuwa na matone madogo ya jasho yaliyopangika kama shanga. Akaibandua, akangoja siku mbili, akaibandika tena, matone yakapungua. Mara ya tatu haikuwa na hata moja.

Katika siku zile za kungoja ndipo nilipomkumbuka mwenye birika wa kwanza ninayemjua katika pwani hii. Kule Kilwa Kisiwani, juu ya jabali linalotazama bahari, yako magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta katika safari yake ya mwaka 1331. Na ndani ya jumba hilo limo birika la kuogea lenye pembe nane, la mawe ya matumbawe na chokaa, mbele yake bahari yote ya Hindi. Jumba lile halikukaliwa muda mrefu. Birika limebaki tupu kwa karne baada ya karne, na halikuinuka wala kupinduka, kwa sababu limekaa juu ya mwamba, na mwamba ule hauna maji ya kulisukuma. Nalikumbuka kila nimwonapo mtu aliyeachwa na dunia yote, asiye na kazi wala mwandani, naye angali amesimama. Nasema, huyu amejengwa juu ya jabali. Lakini wengi wetu tumejengwa kwenye udongo wa Raskazoni.

Nayakumbuka pia mabirika ya nyumba za kale za Lamu, yale ya chooni, ambayo ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwake likajengewa bakuli la kauri ya Kichina, ili maji yanapopungua samaki wale wapate pa kukimbilia. Mjenzi wa namna hiyo alijua kuwa ipo siku ya kupungukiwa. Akaacha bakuli moja lisilokauka.

Jioni moja tulikuwa tumekaa ukingoni, miguu yetu ikining'inia katika utupu, na fundi akamweleza dada yangu yale aliyonieleza mimi mwezi wa Aprili, habari za uzito na za maji yanayosukuma. Dada alinyamaza kitambo. Lazima niseme kwamba tangu afiwe, watoto wake, kwa huba yao, walikuwa wamemwondolea mzigo baada ya mzigo. Walimwajiri msaidizi wa jikoni, wakauza mbuzi wake, wakamkataza kwenda sokoni, wakampokonya hata ufunguo wa ghala ya nazi wakisema, mama pumzika. Na katika pumziko lile alikuwa amekonda, akawa akiamka usiku na kuzunguka vyumba, akisahau alichokifuata, na daktari hakuona ugonjwa.

"Basi ndivyo walivyonifanya," akasema hatimaye. "Wamenipumzisha mpaka nimeelea."

Alisema hivyo akicheka, lakini kesho yake alimpigia simu binti yake wa kwanza, akamwambia kuwa mjukuu yule wa miaka tisa, anayesumbua shuleni, aletwe Tanga akae kwake asome. Nilisikia sauti ya upande wa pili ikipinga kwa hoja nyingi za rehema, umri, presha ya damu, uchovu. Dada akajibu kwa neno moja tu, "Mleteni." Nami, niliyekuwa nikisikiliza nyuma ya pazia, niliitambua hasira yangu ya Aprili kwa jina lake la kweli. Sikumkasirikia fundi kwa kuchelewesha rangi. Nilimkasirikia kwa kunirudisha katika utupu niliodhani nimepata njia ya kuutoka.

Rangi yenyewe ilipigwa kwa asubuhi mbili, toka alfajiri hata jua lilipoanza kuchoma, maana juani hutoka malengelenge. Ilikuja katika makopo mawili, rangi na dawa ya kuigandisha, na yakishachanganywa saa huanza kuhesabika, wala hapana ruhusa ya kwenda kunywa chai. Fundi alishika brashi pembeni na vijana wakashika rola. Walianza kuta, kisha sakafu ya upande wa kina, wakirudi kinyumenyume hata wakatokea kwenye ngazi. Mkono wa kwanza ulikula lita 10, na mkono wa pili, siku iliyofuata, ukala karibu kiasi hichohicho. Dada alikuwa amekataa samawati. Alichagua nyeupe, nami nikadhani ni ya msiba, mpaka fundi aliponieleza kuwa maji yana rangi yao yenyewe, nyepesi mno kuonekana katika bilauri, lakini dhahiri katika kina cha kimo cha mtu. Huimeza nyekundu ya nuru na kuiacha samawati. Anayepaka samawati huyasaidia maji kazi yasiyoiomba.

Tukangoja siku saba rangi ikomae. Kisha fundi akakaza kile kizibo cha sakafuni, akaweka mpira wa maji upande wa kina, akafungua bomba, akaniamuru lisifungwe kwa udhuru wowote mpaka birika limejaa, kwa kuwa maji yakisimama njiani huacha mstari ukutani usiofutika. Lilitoa lita 1,000 kwa saa. Ikawa ni saa 48. Nililala barazani masiku mawili, nikisikia maji yakibadilisha sauti yao kadiri yalivyopanda, kwanza yakipiga kelele juu ya sakafu, kisha yakizungumza, na usiku wa pili yakiwa yamenyamaza kabisa, ilhali bado yanaingia. Mara kwa mara niliamka kulitazama kwa kurunzi. Weupe wa chini ulikuwa ukipotea polepole, na samawati ambayo hakuna mtu aliyeinunua ikikaa mahali pake.

Sasa ni mwezi wa Machi, na mawingu ya masika yamekwisha kujikusanya juu ya Usambara. Mtoto wa miaka tisa ameharibu kitasa cha mlango na kupata alama 7 kati ya 10 katika hesabu, ambazo mimi humfundisha kila jioni baada ya Magharibi, naye dada amempokonya binti wa jikoni kisu chake na kurudi kukuna nazi mwenyewe. Ewe msomaji, kama unalo birika, likwangue rangi yote ya zamani, lipanue ufa kabla ya kuuziba, na usiliamini jicho wala mkono katika habari za ukavu. Na kama ni masika, liache na maji yake.